Hofu ya silaha: maswali ninayoulizwa kila mara, na majibu yangu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi, na kabla ya hapo nilifanya kazi Arusha. Maswali haya hayakuja yote kliniki. Mengine nimeulizwa nikitoka misa ya kwanza, mengine kwenye hiace na abiria wa pembeni aliyekwisha kujua kazi yangu. Mengi huja WhatsApp saa nne usiku, yakianza na "samahani nesi, ni rafiki yangu anauliza". Nimeyakusanya hapa ili huyo rafiki naye ajisomee.

Bunduki inaogopwa na kila mtu. Sasa hofu iliyopitiliza ni ipi?

Kweli inaogopwa, na mtu akielekezewa mtutu asishtuke, huyo ndiye ningependa nimwone kliniki. Shida inaanza pale hofu inapokula zaidi ya kile inachokulinda nacho.

Kuna mama mmoja anauza mitumba soko la Memorial. Alikuja kwangu ikiwa imepita miaka miwili hajakanyaga benki, na fedha anazo. Kilichomshinda ni mlinzi wa kwenye ATM: amekaa kwenye kiti cha plastiki, bunduki imelala mapajani, mdomo wake umeinamia sakafu, mwenyewe anasinzia. Mama akiiona tu kwa mbali, koo linakauka, vidole vinakufa ganzi, anavuka barabara kwenda upande wa pili. Kadi alimpa mdogo wake wa kiume pamoja na namba ya siri, na yaliyofuata unaweza kuyakisia. Baada ya hapo akahamia kwa wakala. Siku ya kwanza alinijia na daftari lake la mahesabu, akanifungulia ukurasa wenye safu ya peke yake, juu ameandika kwa kalamu nyekundu: "makato ya woga". Alikuwa amejumlisha hadi mwezi uliopita.

Yule mlinzi hajawahi kumfanyia lolote. Kitu pekee alichowahi kumwambia ni "shikamoo mama".

Nitajuaje kama yangu imefika huko?

Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka mambo kadhaa yawepo kwa pamoja. Hofu inakuja karibu kila mara ukikutana na kitu hicho, tena papo hapo. Unakikwepa, au unakivumilia kwa mateso. Ni kubwa kuliko hatari iliyopo kweli mahali ulipo. Imedumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na imevuruga kazi, masomo au maisha ya nyumbani. Matoleo ya nyuma yalimtaka mtu mzima akiri mwenyewe kwamba hofu yake imezidi. Hili la 2013 liliondoa sharti hilo, na lilifanya vizuri. Wengi wanaokuja kwangu wana sababu kumi nzuri za kutopita pale.

Mimi huuliza swali moja tu kwanza: mwezi huu hofu imekuzuia kufanya nini? Kama jibu ni "hakuna", nenda kapumzike. Kutopenda silaha si ugonjwa.

Nimesoma kwenye mtandao kwamba inaitwa hoplofobia. Ndilo jina la hospitalini?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu neno hili limewachanganya wengi.

Limetokana na Kigiriki, *hopla*, silaha. Alilibuni Jeff Cooper, Mmarekani, mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha Marines na mwalimu maarufu wa kulenga kwa bastola. Mwenyewe alisema alilitunga mwaka 1962. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa bunduki aliyewachoka wapinzani wa bunduki, akawatafutia jina linalosikika kama ugonjwa. Tangu hapo neno hilo limekuwa fimbo kwenye mabishano ya Wamarekani kuhusu sheria za silaha: ukitaka sheria kali, unaambiwa una hoplofobia.

Kwenye miongozo ya tiba neno hilo halimo. Daktari akikuchunguza na kuona hofu imepitiliza, ataandika "hofu mahususi", kundi lilelile la wanaoogopa mbwa, urefu, sindano au radi. Shirika la Afya Duniani limeipa nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo ukisikia mtu anamwita mwenzake mwenye hoplofobia kwa kuwa tu amekataa kuweka bastola nyumbani, hayo ni matusi yaliyovaa koti jeupe.

Katika nchi yetu, umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na unapitia polisi. Watu wengi wataishi na kuzeeka bila kushika hata risasi. Kuuogopa "mguu wa kuku", yaani bastola, usiowahi kuushika ni jambo la kawaida kabisa.

Kwa nini mwili unanigeuka hata ninapojua hakuna hatari?

Kwa sababu kengele ya hatari iko sehemu ya ndani ya ubongo ambayo haisubiri ushauri wako. Inapiga kabla hujamaliza kutambua ulichokiona. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia misuli mikubwa, ndiyo maana vidole vinapoa na tumbo linavurugika. Ukipumua haraka kwa muda unapata kizunguzungu na ganzi mdomoni, halafu unadhani ni kiharusi. Mawimbi haya hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Hayajui kupanda milele. Likumbuke hilo, nitalirudia mbele.

Wanaoogopa visu na damu wana jambo lao la pekee: baadhi huzimia. Shinikizo la damu hupanda kwanza, kisha hushuka ghafla, na mtu anakwenda chini. Kwao msaada upo, na Msweden Lars-Göran Öst ndiye aliyeueneza miaka ya 1980. Kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni. Legeza nusu dakika bila kujilegeza kabisa. Rudia mara tano. Wale wasiozimia hawahitaji zoezi hili.

Hofu hii inatoka wapi?

Njia zinajulikana tatu: kitu kilikupata mwenyewe, ulimwona mwingine kikimpata, au uliambiwa na kuambiwa mpaka ikakaa. Mwaka 1920 Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kuogopa panya mweupe ambaye mwanzoni alikuwa akimchezea. Kila alipomgusa, waligonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. (Leo wangefikishwa kwenye kamati ya maadili kabla ya saa sita mchana.) Baadaye mtoto akaogopa hata sungura na manyoya. Hofu husambaa hivyo: inaanza na bunduki moja, inafika kwenye sare, inafika kwenye benki yenyewe.

Lakini wengi hawakumbuki mwanzo. Yule mama wa Memorial hakuwa na kisa chochote cha kunipa. Nilimwambia tusikitafute. Mwiba unatolewa hata kama hujui uliukanyagia wapi.

Nilivamiwa na majambazi wenye bunduki. Na mimi ndiyo hiyo hiyo?

Inawezekana si hiyo. Kama unaota tukio lile, linakurudia mchana kana kwamba linatokea sasa, unaruka ukisikia mlango, umekuwa mkavu kwa watu uliowapenda, na hali hiyo imezidi mwezi, basi tunazungumzia athari za kiakili za tukio la kutisha. Mwongozo wa Marekani uliitambua rasmi mwaka 1980, na tiba yake ina hatua zake. Tafadhali usijitibu kwa ngazi nitakayoieleza hapo chini. Njoo uonwe.

Sithubutu kuita hofu ya aina hiyo "isiyo na sababu". Aliyekuwa Olasiti, Arusha, tarehe 5 Mei 2013, bomu liliporushwa kanisani, ana haki ya kutetemeka akisikia kishindo. Na kwa miaka ishirini Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, mpaka ilipofungwa Desemba 2015. Mashahidi walisimama mjini kwetu wakieleza panga, kifaa cha kupalilia migomba, lilifanya nini mwaka 1994. Mtu wa namna hiyo asipotaka kuliona panga ukutani kwako, litoe ukutani.

Jambo moja dogo linalowasumbua waliovamiwa: "Nesi, uso wake siukumbuki, polisi wanadhani nadanganya." Hudanganyi. Elizabeth Loftus na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba silaha ikiwapo, macho hung'ang'ania silaha. Wengi wanaokuja kwangu wanaweza kukueleza tundu la mtutu na kutu iliyokuwapo pembeni, lakini wakaishia hapo.

Je, ni kurogwa au mapepo?

Ninapata swali hili kila wiki na silichekei. Sali, nami nasali. Ila ukienda kwa mtu anayekwambia usikaribie silaha mpaka atoe kitu, amekuongezea ugonjwa, kwa sababu kukwepa ndiko kunakoulisha. Kila unapogeuka na kuvuka barabara unapata nafuu ya ghafla, na ubongo unaandika: "tumepona kwa sababu tumekimbia." Kesho unakimbia mapema zaidi.

Tiba yenyewe ni nini?

Kukutana na kitu kile polepole, kwa mpango, na kukaa nacho mpaka wimbi lishuke. Anayeheshimiwa kwa kuipa utaratibu ni mtu wa bara letu, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la Afrika Kusini, akiwatibu askari waliovunjika akili kwa vita. Waliwapa dawa ya kuwafanya wazungumze, wakazungumza, na wengi hawakupona. Hapo akaanza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1958 akachapisha utaratibu wa kupanda ngazi: orodhesha hofu zako kuanzia ndogo mpaka kubwa, tulia, kisha panda moja baada ya nyingine.

Öst naye alionyesha mwaka 1989 kwamba hofu mahususi nyingi zinaweza kushughulikiwa katika kikao kimoja kirefu kisichozidi muda wa saa tatu. Mimi hutumia vikao kadhaa vifupi, maana wateja wangu wana duka la kufungua.

Mimi ni mkwe wa Kibosho. Siwezi kushika kisu kikubwa, na Desemba ndiyo hiyo inakuja. Nifanyeje?

Swali hili nililipenda mno, nimeomba ruhusa nilijibu hadharani.

Kwa wasiojua: Krismasi Kilimanjaro mji unahamia mlimani. Magari kutoka Dar yamejaa, kila boma lina mbuzi, na wanaume ndio wanaochinja na kugawa, kila kipande kina mwenyewe. Mkwe anayekaa jikoni na akina mama wakati kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kinatengenezwa, ataulizwa. Huyu kaka miaka mitatu mfululizo aliugua tumbo tarehe 24.

Tulianza mwezi wa tisa. Alipanga ngazi yake mwenyewe na kuipa kila hatua alama kati ya 0 na 100. Kuandika neno "kisu" kwenye karatasi lilikuwa 10. Picha ya kisu cha bucha, 25. Kisu cha mkate mezani, upande wa pili wa chumba, 35. Kukishika, 50. Kusimama bucha ya Kiboriloni wakati muuzaji anakata mbavu, 75. Mbuzi mwenyewe, 100. Kanuni ilikuwa moja: huondoki kwenye hatua hofu ikiwa kileleni. Unakaa mpaka alama zishuke angalau nusu, hata ikichukua dakika arobaini, halafu ndipo unaondoka. Kesho unairudia hatua ileile mpaka ikuchoshe. Ikikuchosha, panda.

Hatua ya kisu cha mkate ilimkwamisha wiki mbili. Tulikuja kugundua kwamba alikuwa akikitazama huku anahesabu kimoyomoyo, na kuhesabu nako ni kukimbia, ila miguu haionekani. Aliacha kuhesabu. Siku ya nne mkewe akamkuta anapaka siagi.

Desemba hakuchinja. Alishika miguu ya mbuzi ya nyuma, akakaza misuli kama nilivyoeleza, hakuzimia. Baba mkwe alimwambia "mwakani kisu ni chako". Ngoja tuone.

Nasomea kuongoza watalii, lakini bunduki ya askari wa hifadhi inanitoa jasho. Nibadilishe kozi?

Usibadilishe. (Halafu tuache kujiita "magaidi", kutoka "guide" ya Kiingereza, mbele ya wageni wanaojifunza Kiswahili.) Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina safari za kutembea kwa miguu, na huko lazima uwe na askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati wa Momela hawajui cheti chako. Kwa hiyo utatembea nayo mara nyingi.

Ngazi yako inaanza na picha, kisha video zisizo na sauti, kisha zenye sauti ya chini, kisha kumwona askari getini kwa mbali, kisha kumsogelea na kuzungumza naye kuhusu familia yake. Kuishika si sehemu ya ngazi. Usimwombe askari wala mlinzi yeyote akushikishe silaha yake, ni hatari na ni kumtafutia matatizo kazini. Unahitaji kuwa karibu nayo ukiwa na akili yako, basi.

Umbali una maana. Chalii mmoja wa Sakina aliniambia hofu yake ilishuka siku alipogundua kwamba mkanda wa bunduki ya askari ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu. Mpaka siku hiyo hakuwahi kuitazama kwa zaidi ya sekunde moja.

Na sime za Wamasai?

Ukikaa Arusha utaziona kila siku, stendi, sokoni, kwa mlinzi wa jirani, ndani ya ala yake nyekundu. Kwa mwenyewe ni sehemu ya mavazi na kifaa cha kazi: inakata fimbo, inachuna mbuzi. Kujua hivyo kunasaidia kidogo, hakutibu. Tumia ngazi ileile.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, anaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kule kuna silaha.

Ndiyo. Mafunzo ya lazima yalisimama mwaka 1994, yakarudi 2013, na silaha ni sehemu yake, iwe kambi ya Oljoro au kwingine. Kosa ninaloliona ni familia kunyamaza mpaka siku ya basi. Anzeni mapema. Apate kipimo kliniki, awe na maelezo ya maandishi, na amweleze daktari wa kambi siku za mwanzo, si kwenye uwanja wa shabaha. Nyie nyumbani acheni kumwambia "utazoea tu". Kuzoea kunapangwa.

Mtoto wangu wa miaka mitano analia akiona polisi mwenye bunduki.

Hofu nyingi za utotoni huondoka zenyewe. Usimkaze wala usimkimbize. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimtibu mtoto aitwaye Peter aliyeogopa sungura: alikuwa akimpa chakula akipendacho huku sungura analetwa karibu kidogo kidogo, mpaka akamshika. Wewe unaweza kula naye karanga upande wa pili wa barabara, mkimtazama polisi akiongoza magari. Na mwambie dada wa kazi aache "nitakuitia polisi akupige risasi usipokula". Wewe pia uache.

Dawa zipo?

Zipo zinazopunguza mtetemo na mapigo ya moyo, na za usingizi. Hofu mahususi haziondoi. Diazepamu hasa, watu wanainunua dukani kama pipi: inazima kengele kwa saa chache, ubongo haujifunzi kitu, na baada ya muda kuiacha kunakuwa kazi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ni vivyo hivyo. Dawa zina nafasi kubwa kama kuna sonona au athari za tukio la kutisha pamoja na hofu. Hilo ataliamua daktari.

Niende wapi?

Moshi, anzia hospitali ya Mawenzi au KCMC. Arusha, hospitali ya Mount Meru. Ukifika, sema wazi unataka kliniki ya afya ya akili, usiseme "presha" ukazungushwa maabara siku nzima. Aibu ya kukaa kwenye benchi lile ni dakika ishirini. Mara nyingi unakutana na jirani yako, naye anajifanya anasubiri kufunga kidonda.

Mtu ameganda mbele yangu kwenye foleni ya benki, anamwangalia mlinzi, anatetemeka. Nimsaidieje?

Usimvute kwa nguvu na usimwambie "acha ujinga". Simama ubavuni mwake, si mbele yake. Ongea taratibu, mpe salamu ya kawaida, muulize jina. Mwambie apumue nje kwa muda mrefu kuliko anavyovuta. Ukimwona anapauka na kutoa jasho la baridi, mkalishe chini kabla hajaanguka, hasa kama amekwambia huwa anazimia. Mlinzi akisogea kusaidia, mwombe kwa heshima, "kaka, tupishe kidogo tu", arudi nyuma hatua chache. Akitulia, muulize: tusubiri hapa hapa dakika tano, au tutoke? Akichagua kusubiri, subiri naye, hata kama foleni yako imepita.